Kibonyeo cha Ribiti



Kijana mmoja wa Garsen, fundi wa mabati na milango ya chuma, ameniletea suali ambalo sikulitarajia. Yeye na ami yake aliyeko Ghuba wanaweka akiba ili waagize ndege ndogo ya viti viwili, ile inayokuja vipande vipande ndani ya makasha na mwenyewe akaiunganisha nyumbani. Kila maji ya Mto Tana yanapoikata barabara ya kwenda Lamu, kama yalivyoikata mwishoni mwa mwaka 2023, huwaona watu wakingoja mashua na helikopta, naye ana mikono inayokijua chuma. Hakuniuliza kama jambo hilo linawezekana. Ameuliza anunue zana gani za kubonyeza matundu ya ribiti: za bei nafuu au za bei ghali? Anajua kwamba mpwa wangu hufanya kazi ya kutengeneza ndege huko Sharjah, na kwamba mimi humdadisi sana.

Tuanze na kibonyeo chenyewe. Ngozi ya ndege ndogo ni bati la alumini jembamba mno, aghalabu baina ya nusu milimita na milimita moja. Ribiti ya kichwa cha duara ingejitokeza nje na kuuzuia upepo, kwa hiyo hutumiwa ribiti ya kichwa bapa chenye mteremko wa nyuzi 100, kinacholala sawasawa na ngozi. Bati likiwa nene, fundi huchimba mdomo wa tundu kwa keekee na kichwa kikaketi humo. Likiwa jembamba, ukilichimba utabakiza ukingo mkali kama wembe, na ribiti haitakuwa na cha kushika. Hapo bati halichimbwi, bali hubonyezwa: kalibu dume yenye ncha hupita ndani ya tundu na kuingia katika kalibu jike, na bati lililo katikati hufinyangwa likawa kama kijibakuli. Mifupa iliyo chini nayo hubonyezwa vivyo hivyo, bakuli likaingia ndani ya bakuli. Ndege ya namna hii ina ribiti zaidi ya elfu kumi.

Wenye kusoma tafsiri watakumbuka kisa cha Nabii Daud, alayhis salaam, katika Sura ya Saba, alipolainishiwa chuma na kuamrishwa akadirie vyema katika kuunganisha deraya. Imepokewa kutoka kwa Mujahid kwamba makadirio hayo ni ya misumari ya pete: usiwe mwembamba ukalegea ndani ya tundu, wala usiwe mnene ukaipasua pete. Sijapata kuona maelezo mafupi kuliko hayo juu ya kazi ya ribiti.

Kupasuka ndiko kunakotisha. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kuchukua abiria kwa ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ndege hiyo hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, wakafa watu wote 35. Wachunguzi wa Uingereza walitia Comet nyingine ndani ya tangi kubwa la maji, wakaisukuma na kuilegeza mara maelfu, hata wakaona kwamba chuma kilichoka na nyufa zikaanzia kwenye kona za madirisha, penye matundu ya viungio. Na juzi tu, mwaka 2023, Van's Aircraft ya Oregon, kampuni mashuhuri ya ndege za kujiundia, ilijikuta imewauzia watu mabati ambayo matundu yake yalikatwa kwa leza badala ya kupigwa kwa mashine ya kutobolea. Mafundi wakiyabonyeza, baadhi yakafanya nyufa. Desemba ya mwaka huo kampuni ikaomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake. Tundu lililoonekana zima kwa macho liliumbuliwa na kalibu.

Sasa zana. Ya kwanza ni kalibu zenyewe, na hapa sioni nafasi ya kubana senti. Zilizo bora husagwa kwa chuma kigumu na nyuso zake huwa na mbinuko mdogo sana, kwa kuwa bati likiachiliwa hurudi nyuma kidogo. Mbinuko huo hulipeleka mbali zaidi ili likirudi lilale bapa. Kalibu za bei ya chini, zenye nyuso bapa, huacha bati limevimba kuzunguka kila tundu, na bawa likipigwa jua la asubuhi utayaona mawimbi kutoka upande wa pili wa uwanja. Anunue za ribiti za milimita 2.4, ambazo ndizo nyingi, na za milimita 3.2. Za matangi ya mafuta ni jozi nyingine, hubonyeza ndani zaidi ili gundi ya kuzibia ipate pa kukaa.

Cha kuzisukuma kalibu ni mambo matatu. Koleo la kubana kwa mkono hutosha kingoni, lakini halifiki katikati ya bati pana. Huko hutumiwa fremu ya umbo la herufi C, ya chuma kizito, na nyundo. Ni rahisi na hudumu, ila ina hatari moja: ncha ikiwa haijaingia tunduni na nyundo ikashuka, utapata tundu la pili ubavuni mwa la kwanza, na bati la bawa zima limeharibika. Iko fremu ya tatu isiyopigwa nyundo, huvutwa kwa wenzo. Ni ghali zaidi, nayo haina kelele, na majirani watamshukuru. Mimi ningeichagua hiyo. Koleo la hewa na kompresa, kwa ndege moja tu, ni anasa. Penye pembe zisizoingilika, kalibu ndogo huvutwa pamoja kwa msumari na bastola ya ribiti za kawaida, ambayo fundi wetu anayo tayari.

Kuna mtego mmoja unaomhusu hasa fundi wa mabati. Asijifunzie kwenye alumini ya masufuria. Hiyo ni laini, hubonyea vizuri hata tundu likiwa na makombo, nayo itamdanganya. Bati la ndege limechanganywa na shaba likawa gumu, na tundu lenye mkwaruzo hupasuka. Kila tundu lipanuliwe kufikia kipimo chake, lisuguliwe kingo pande zote mbili, ndipo libonyezwe, kisha litazamwe kwa kioo cha kukuzia. Ajifunzie kwenye vipande vya bati la namna ile ile. Bati hilo limevikwa utando wa alumini safi unaolikinga na kutu, na mkwaruzo huutoboa. Kwa unyevu wa delta yetu na chumvi ya Kipini, rangi ya kinga ndani ya mbavu isirukwe.

Aagize mkia kwanza, si ndege nzima. Ni kasha dogo, na litaonyesha kama zana na mikono vinapatana kabla ya akiba ya ami kumalizika. Na kabla ya hilo kasha, aandike barua kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya aelezwe masharti ya ndege iliyoundwa nyumbani na ukaguzi wake, maana bawa likishafungwa hakuna mkaguzi awezaye kuona kilichomo ndani. Kila kibonyeo apige picha.