Mnara Usiotaja Majina Wamkumbuka Nani?

Msafiri atokaye mjini Nyeri kuelekea Nyahururu hufika Mweiga kabla hajachoka. Upande wake wa kushoto huuona msitu wa Nyandarua umejitanda ukungu. Watalii hupita hapo kwenda kuwatazama ndovu na vifaru. Wachache wao wajua kuwa msitu huo ulikuwa uwanja wa vita tangu mwaka 1952. Hata jina ambalo mbuga hiyo ingali inalo, Aberdare, ni la lodi wa Kiingereza ambaye Joseph Thomson alimtunukia milima hiyo mwaka 1884. Lodi huyo hakupigana humo hata siku moja.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Siku moja niliwapeleka wanafunzi wangu kuutazama mnara wa kumbukumbu ulioko katikati ya mji wa Nyeri. Maandishi yake yasema kuwa umewekwa kwa ajili ya Wakikuyu waliokufa katika kupigania uhuru kati ya 1951 na 1957. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona hapana jina hata moja?"

Swali lile lilinirudisha nyumbani. Nyanya yangu alikuwa na kaka wawili. Mmoja aliingia msituni mwaka 1953 asirudi tena. Wa pili alivaa sare ya walinzi waliowekwa na serikali ya kikoloni, akauawa usiku mlangoni pa nyumba yake. Nyanya aliwataja wote wawili katika sala zake za jioni, na hakuwahi kumtanguliza huyu kuliko yule. Je, mnara ule wamkumbuka yupi? Na wale waliofia kizuizini na katika vijiji vya hali ya hatari, bila kumpigania yeyote, waingie wapi katika sentensi ile? Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nyasi hizo hazijaandikwa popote.

Wakubwa tunawajua. Gavana Evelyn Baring, aliyetangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, hana sanamu msituni humu, wala sioni sababu ya kumpa. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka 50 baadaye sanamu yake ilizinduliwa jijini Nairobi. Ni heshima anayoistahili. Lakini mjane wake, Mukami, alifariki mwaka 2023 bila kupewa mwili wa mumewe auzike. Shaba tumeweza kuisimamisha. Kaburi hatujaweza kulionyesha.

Wenzetu wa Marekani wana la kutufunza. Katika uwanja wa vita wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania lilijenga mnara uliozinduliwa mwaka 1910. Sanamu ya Andrew Curtin, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo mapigano yalipotokea mwaka 1863, imo. Hata hivyo, mabamba ya shaba ya mnara uo huo yana majina ya askari zaidi ya 34,000. Kiongozi ametukuzwa, na waliomfuata hawakumezwa na utukufu wake.

Iwapo siku moja mnara utajengwa Mweiga, mkabala na msitu wenyewe, naomba usiwe sanamu nyingine ya mtu mmoja. Uwe ukuta wa majina. Najua kutazuka ubishi: je, jina la aliyeingia msituni liandikwe karibu na la aliyemwinda? Mimi nasema yaandikwe yote, na kando ya kila jina ielezwe alisimama upande gani. Kumtaja mtu si kumsifu. Kumnyamazia ndiko kunakowaacha wajukuu wakirithi chuki wasiyoijua chanzo chake.

Kazi hiyo haihitaji kusubiri serikali. Walimu wa Kieni, Tetu na Mathira, wapeni wanafunzi wenu madaftari wawaendee wazee waliobaki. Waulize mambo matatu tu: aliitwa nani, alitoka wapi, alifia wapi. Wazee hao wanatutoka kila mwezi, na kila anayezikwa huenda na majina ambayo hayapo katika kitabu chochote. Nyanya yangu alizikwa kabla sijamwuliza mahali walipolazwa kaka zake. Kosa hilo ni langu. Msilirudie.