Jibini ya Kukaanga Isiyopasukia Karaini

Kila aliyewahi kutumbukiza kipande cha jibini kwenye mafuta ya moto anajua balaa lake. Kwa sekunde chache mambo huenda vizuri: kipande kinaelea, mapovu yanacheza pembeni, rangi inaanza kuja. Ghafla gamba linachanika ubavuni, jibini inamwagika, mafuta yanaruka, na kinachoopolewa ni ganda tupu la chenga za mkate. Jibini yenyewe imeshatulia chini ya karai, nyeusi na inanata. Wengi hulaumu moto. Moto una lawama zake, lakini mara nyingi kosa lilishafanyika dukani, pale jibini ilipochaguliwa, au mezani kabla jiko halijawashwa.

Si kila jibini huyeyuka, na hapo ndipo mpishi wa nyumbani anapotakiwa kuanzia.

Jibini hutokana hasa na protini ya maziwa iitwayo kaseini. Kwenye mozarela, gouda, edam na cheddar, maziwa hugandishwa kwa kimeng'enya kiitwacho reneti, na chembe za kaseini huunganishwa na kalsiamu iliyomo kwenye maziwa. Muungano huo unavumilia mengi, ila si joto. Mafuta ya maziwa huyeyuka mapema, kwenye nyuzi thelathini na kitu za Selsiasi, na jibini laini ikifika nyuzi 55 hadi 65 mtandao mzima hulegea na kuanza kutiririka. Mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi 180. Kwa hiyo kila kipande cha mozarela kinachoingia karaini kiko mbioni: gamba likauke na kugeuka rangi ya dhahabu kabla kiini hakijawa uji.

Paneer, jibini nyeupe ya Kihindi, haimo kabisa kwenye mbio hizo. Yenyewe hugandishwa kwa ndimu au siki. Asidi huondoa sehemu kubwa ya kalsiamu iliyokuwa ikiunganisha kaseini, na chembe zinabaki zimeng'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe. Zikipata moto hazilegei, bali hukazana zaidi na kutoa maji. Ndiyo maana paneer hukaangwa bila gamba lolote na kutoka na pembe zake nne zilezile. Halloumi ya Saiprasi nayo haiyeyuki, ingawa njia yake ni nyingine: hutumia reneti, haiachwi ichachuke, kisha mabonge yake hupikwa ndani ya maji yake yenyewe yanayokaribia kuchemka. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulilipa jina hilo ulinzi wa asili, ili jibini isiyotoka Saiprasi isiuzwe kwa jina la halloumi.

Na asije mtu akadhani kukaanga jibini ni mambo ya Wahindi na Wazungu peke yao. Huko Benin, Afrika Magharibi, wanawake wa Kifulani hutengeneza wagashi, jibini inayogandishwa kwa utomvu wa mmea wa porini. Pengine hupakwa rangi nyekundu inayotokana na mtama. Nayo haiyeyuki, hukatwa vipande, ikakaangwa kwenye mafuta na kuliwa hivyohivyo, au ikatumbukizwa mchuzini mahali pa nyama.

Ufundi wa kuifunika jibini inayoyeyuka ni wa zamani pia. Kitabu cha mambo ya nyumbani kilichoandikwa Paris mnamo 1393, kikiwa kama maelekezo ya mume mtu mzima kwa mkewe kijana, kinaeleza namna ya kukata jibini vijiti, kuvichovya kwenye mchanganyiko wa viini vya mayai, unga, chumvi na divai kidogo, kisha kuvikaanga kwenye mafuta. Zaidi ya miaka mia sita imepita na kijiti ni kilekile kinacholetwa mezani kwenye baa za Marekani pamoja na mchuzi mzito wa nyanya. Wacheki wao wamekwenda mbali zaidi. Mjini Prague kipande kinene cha jibini aina ya edam hupakwa unga, yai na chenga za mkate, kikakaangwa, na kuandaliwa kwa viazi na sosi ya tatari. Hicho si kitafunio tena, ni mlo kamili wa mchana, na wenyewe hawaoni ajabu.

Unga, yai, chenga: mpangilio huo haumhitaji mwalimu kwa yeyote aliyekulia jikoni mwa Pwani. Ndio wa katlesi. Mpishi anayejua kupika katlesi za futari zisizochanika ana zaidi ya nusu ya ujuzi unaotakiwa hapa, tofauti ikiwa kwamba kiazi hakikimbii ndani ya gamba na jibini hukimbia.

Mozarela inayofaa ni ile ngumu ya bonge, ambayo hukatika kwa kisu bila kulia maji. Ile mipira laini inayouzwa ikiogelea kwenye maji iachiwe saladi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na maji yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,700. Hakuna gamba la yai na mkate linaloweza kuzuia nguvu hiyo. Bonge likatwe vijiti vya unene wa sentimeta moja na nusu hivi, urefu wa kidole. Vijiti vyembamba huyeyuka mapema mno, na vinene hubaki na kiini cha baridi.

Kijiti hupitishwa kwanza kwenye unga wa ngano, kikakung'utwa. Unga hukausha uso wa jibini ili yai lipate pa kushika. Kisha yai lililopigwa na chumvi, kisha chenga. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoponzwa. Kijiti kinatakiwa kirudi kwenye yai na chenga mara ya pili, na ncha zake zote mbili zitazamwe kwa makini, kwa kuwa jibini hutorokea nchani kuliko mahali pengine popote. Chenga za mkate mkavu wa nyumbani zinatosha. Anayetaka mlio mkubwa zaidi mdomoni achanganye na suji, au tambi nyembamba zilizovunjwavunjwa hadi ziwe punje.

Baada ya hapo, friza. Saa moja ni kiwango cha chini, mbili ni bora, vijiti vikiwa vimetandazwa kwenye sinia bila kugusana. Hatua hii ndiyo watu huiruka kwa haraka ya wageni, na ndiyo inayoamua mchezo. Baridi huyapa mafuta muda wa kukausha gamba wakati jibini bado inahangaika kutoka kwenye barafu.

Mafuta ya alizeti, ya mahindi au ya mawese yaliyosafishwa yanafaa yote, mradi yawe na kina cha kufunika kijiti na yafike nyuzi 180 hadi 190. Asiye na kipimajoto adondoshe kipande kidogo cha mkate: kikiiva rangi ya dhahabu ndani ya nusu dakika hadi dakika moja, mafuta yako tayari. Kikikaa kimya chini ya karai, bado. Kikigeuka cheusi papo hapo, moto upunguzwe.

Vijiti viingie vitatu au vinne kwa mara moja, kwa sababu kila kimoja ni kipande cha barafu kinachopoza mafuta. Vikiingia, mapovu makubwa huvizunguka kwa kelele. Hayo ni maji ya yai na mkate yanayotoka. Kelele zikianza kushuka na mapovu kuwa madogo, gamba limekauka, na rangi itakuwa imeshakaribia ile ya asali. Dakika moja, au zaidi kidogo. Baada ya muda huo jicho lisibanduke. Tone jeupe likichungulia popote kwenye gamba, kijiti kitoke sekunde hiyohiyo hata kama rangi haijaridhisha, maana hakuna cha kusubiri zaidi ya hasara. Viwekwe juu ya wavu, si kurundikwa kwenye sahani ambako mvuke utalainisha kilichokaushwa kwa kazi yote hiyo. Na viachwe vipumue kidogo kabla ya kuliwa: jibini iliyoyeyuka hung'ang'ania kaakaa na kuunguza vibaya, watoto hasa.

Kwa nyumba isiyo na friza, au mfuko usioifikia mozarela, paneer ni jibu zuri zaidi. Pengine ni zuri hata kwa wenye friza. Hutengenezwa kwa maziwa na ndimu tu, na lita 2 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta hutoa gramu 300 hivi. Maziwa freshi ndiyo yanayotakiwa. Yale ya pakiti yanayokaa miezi bila friji yamepitishwa kwenye joto kali na huganda kwa unyonge.

Maziwa huchemshwa huku yakikorogwa ili yasishike chini. Yakipanda, moto hupunguzwa na maji ya ndimu huongezwa kijiko baada ya kijiko, vitatu hadi vinne vya chakula. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Kisha madoa meupe hujitokeza, yanakusanyika kuwa mabonge, na maji yanayobaki yanageuka kutoka weupe wa maziwa kuwa rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano. Yakishatakata hivyo, ndimu inatosha. Ikizidi, paneer huwa chachu na ya kukatikakatika. Mabonge huchujwa kwenye kitambaa cha melimeli, yakasuuzwa kwa maji baridi, yakafungwa na kukandamizwa chini ya sufuria lililojaa maji kwa muda wa saa moja. Maji yaliyochujwa yasimwagwe. Yanakandia unga wa chapati vizuri sana.

Paneer iliyokatwa vipande vya mraba huchovywa kwenye rojo la unga wa dengu lenye chumvi, pilipili ya unga, bizari nyembamba, kitunguu saumu na kotmiri iliyokatwa ndogondogo. Rojo liwe zito kiasi cha kuganda mgongoni mwa kijiko. Moto wa wastani unatosha, kwa kuwa hakuna kinachokimbia ndani. Mpishi ana nafasi hata ya kuongea na simu. Chatne ya ukwaju ndiyo mwenzake halisi.

Njia ya tatu inapendwa Oman na nchi nyingine za Ghuba wakati wa Ramadhani: sambusa za jibini. Jibini huchanganywa na kotmiri kidogo, ikafungwa ndani ya manda. Manda hulinda kuliko chenga, mradi pembe zote zizibwe kwa uji wa unga na jibini isijazwe kupita kiasi.

Jibini yenyewe siku hizi haitoki mbali. Limuru nchini Kenya, Brown's Cheese wamekuwa wakiitengeneza tangu 1979. Njombe, kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuna kiwanda cha maziwa kinachotoa jibini za mtindo wa Kiitalia, mozarela ikiwamo. Mashariki ya Kongo, vilima vya Masisi vina jibini yake ya mviringo inayofanana na gouda, iliyoletwa na wamisionari wa Kibelgiji karne iliyopita. Kwa miaka mingi imetengenezwa na kusafirishwa hadi Goma na Kinshasa licha ya vita. Ikikatwa vipande vinene na kupitishwa kwenye yai na chenga, itakaangika vizuri kama edam ya Prague.

Vijiti vya mozarela vilivyokwisha kupakwa chenga hukaa kwenye friza hata mwezi mzima, vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Siku ya kuvitumia visiyeyushwe kwanza. Hutoka friza na kuingia karaini moja kwa moja, na vikibaki baada ya shughuli, hupashwa moto kwenye ovini au kikaango kikavu. Maikrowevu huvirudisha vikiwa laini nje na vimepasuka.