Kalamu ya risasi na sura za wapendwa

Picha ya Lionel Messi au ya Maria Callas hupatikana leo kwa kubonyeza simu ya mkononi mara moja tu. Hata hivyo, wapo mashabiki wengi duniani ambao hukaa siku kadhaa, na pengine wiki nzima, wakiichora sura ya mchezaji au mwimbaji wanayempenda kwa penseli peke yake.

Wengi wao hawakuagizwa na mtu, wala hawaishi kwa sanaa. Kwa nini basi wajitaabishe hivyo, na kuna nini katika mchoro wa penseli ambacho hakimo katika picha ya kamera?

Sehemu kubwa ya jibu ni muda. Kamera huinasa sura kwa chembe ya sekunde. Mkono humlazimisha mchoraji kuitazama sura hiyo hiyo saa baada ya saa, mpaka aijue mikunjo ya paji la uso na namna mdomo unavyopinda. Katika taarab, mpenzi hunyanyuka kitini akaenda kumtunza mwimbaji. Mchoro nao ni namna ya kutunza, ila kinachotolewa si fedha bali ni muda.

Binti mfalme na waimbaji wake

Mapenzi ya aina hii hayakuanza na intaneti. Mmoja wa mashabiki wake wakubwa alikuwa Victoria, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza mwaka 1837.

Katika ujana wake Victoria alihusudu mno opera, yaani tamthilia ambayo maneno yake huimbwa kwa kufuatana na okestra. Alipotimiza miaka 16, mwaka 1835, kulifanyika tamasha katika kasri la Kensington, na miongoni mwa walioimba walikuwa Giulia Grisi, Maria Malibran na Luigi Lablache. Mwaka uliofuata Lablache alianza kumfundisha kuimba.

Aliporudi kutoka ukumbini, binti huyo alikuwa akiwachora waimbaji kwa penseli, wino na rangi za maji, wakiwa na mavazi na ishara zao za jukwaani. Michoro yake mingi imehifadhiwa katika hazina ya sanaa ya ufalme wa Uingereza.

Thamani ya kumbukumbu hizo inaonekana zaidi kwa Malibran. Mwimbaji huyo alifariki dunia mjini Manchester mwaka 1836 akiwa na umri wa miaka 28, miongo minne kabla ya Thomas Edison kubuni mashine ya kunasa sauti mwaka 1877. Sauti yake haikubaki popote. Yaliyobaki ni maandishi ya waliomsikia na picha za waliomtazama.

Waimbaji wenyewe pia wamewahi kushika kalamu. Enrico Caruso wa Naples, aliyeishi kati ya mwaka 1873 na 1921, alikuwa hodari wa kuchora vikatuni vya wenzake na vya sura yake mwenyewe. Michoro yake ilikuwa ikichapishwa katika gazeti la Kiitaliano la La Follia di New York.

Kalamu isiyo na risasi

Waswahili wengi huiita penseli kalamu ya risasi, lakini ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, ndugu wa makaa na almasi.

Katika karne ya 16 grafiti safi iligunduliwa huko Borrowdale, kaskazini magharibi mwa Uingereza, ikadhaniwa kuwa ni jamii ya madini ya risasi. Ilikuwa mwaka 1779 ndipo mkemia Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha kuwa ni kaboni. Lakini jina lilikwisha kuzoeleka, na limebaki katika lugha kadhaa.

Penseli ya leo ilitokana na vita. Ufaransa ilipokuwa ikipigana na Uingereza haikuweza kupata grafiti ya Borrowdale, na mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté akapewa hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, kisha kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake hafifu. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ya herufi H na B zinazoandikwa kwenye penseli.

Kwa mchoraji wa sura, herufi hizo ndizo rangi zake. Ngozi ya shavu lililopigwa na taa za jukwaa huchorwa kwa penseli ngumu. Mboni ya jicho na nywele zilizolowa jasho huhitaji penseli laini, kama 6B au 8B. Sehemu inayong'aa kuliko zote haichorwi kabisa: ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi, au iliyofutwa kwa ncha ya raba.

Wanaoanza hupiga miraba juu ya picha wanayoitazama na juu ya karatasi, kisha huhamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Njia hiyo husaidia kupata vipimo, lakini vipimo pekee havitoshi. Mwanasoka huwa mbioni, na mwimbaji wa opera huwa amefumbua kinywa kwa nguvu, shingo imemtutumka. Mchoraji asipokuwa makini, furaha ya bao hugeuka kuwa hasira, na sauti ya juu hugeuka kuwa kilio cha maumivu.

Opera yaingia uwanjani

Kuwaweka wanasoka na waimbaji wa opera katika daftari moja kunaweza kuonekana ajabu, lakini nchini Italia mambo hayo mawili ni majirani. Mji wa Modena ndiko alikozaliwa Luciano Pavarotti mwaka 1935, na ndiko kampuni ya Panini ilikoanzishwa mwaka 1961. Albamu yake ya Kombe la Dunia la mwaka 1970 ilifungua njia kwa watoto wa nchi nyingi kukusanya na kubadilishana picha za wachezaji.

Pavarotti mwenyewe alikuwa mpenzi wa kandanda, na katika ujana wake alicheza kama golikipa. Mwaka 1990, wakati wa Kombe la Dunia nchini Italia, sauti yake katika Nessun dorma, kutoka opera ya Turandot ya Giacomo Puccini, ilitumiwa na BBC kufungulia matangazo ya michuano hiyo. Tarehe 7 Julai, siku moja kabla ya fainali, aliimba mjini Roma pamoja na Plácido Domingo na José Carreras. Mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi wa opera waliwajua waimbaji hao kupitia soka.

Afrika Mashariki nayo ina kisa chake. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kabla ya kuwa mwimbaji wa kundi la Queen alisomea sanaa ya uchoraji wa matangazo katika chuo cha Ealing, London, na huko alikuwa akichora sura ya mpiga gitaa aliyemhusudu, Jimi Hendrix.

Baadaye mapenzi yake yalihamia kwa mwimbaji wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé, na mwaka 1988 wakatoa pamoja albamu ya Barcelona. Mercury alifariki dunia mwaka 1991. Mwaka 1999, kabla ya fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya kati ya Manchester United na Bayern Munich, Caballé aliimba wimbo huo katika uwanja wa Camp Nou akifuatana na sauti ya Mercury iliyorekodiwa.

Picha ni ya nani?

Kwa vijana wengi, sura ya mtu mashuhuri ndiyo mlango wa kujulikana. Sura za wanasoka na wanamuziki hupamba matatu za Nairobi na kuta za vinyozi, na wengi wa wanaozichora walianza kwa penseli katika daftari za shule. Mjini London, Kelvin Okafor, mwenye asili ya Nigeria, alijipatia sifa kwa michoro ya penseli ya watu kama Amy Winehouse na Mama Teresa, ambayo kwa mbali hudhaniwa kuwa ni picha za kamera.

Lakini mlango huo una kizingiti. Shabiki huwa hajawahi kukutana na nyota wake. Huchora kutokana na picha iliyopigwa na mpiga picha, ambaye kazi yake inalindwa na sheria. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ya mwaka 2001, zinahesabu picha za kamera kuwa kazi za sanaa zinazolindwa.

Mchoro unaotundikwa nyumbani ni nadra kuzusha ugomvi. Mambo hubadilika unapouzwa au kuchapishwa. Mwezi Mei mwaka 2023, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kuwa wakfu wa marehemu Andy Warhol ulikosa kinga ya matumizi ya haki ulipoliuzia jarida kibali cha kuchapisha picha ya mwanamuziki Prince, iliyotokana na picha ya kamera ya Lynn Goldsmith. Ikiwa Warhol hakusalimika, mchoraji asiye na wakili ana sababu ya kujihadhari.

Ndiyo maana wachoraji waangalifu huomba ruhusa, hutumia picha walizopiga wenyewe, au hutazama picha nyingi na kubuni mkao wao wenyewe.

Tishio jipya zaidi ni programu za kompyuta, ambazo huigeuza picha yoyote kuwa mfano wa mchoro wa penseli kwa sekunde chache. Baadhi ya wachoraji wamejibu kwa kurekodi video za mkono wao ukifanya kazi, mstari kwa mstari, ili mnunuzi aone muda anaoulipia.

Mashine hiyo inaweza kuiga vivuli vya grafiti, lakini haiwezi kudai kuwa ilikaa usiku kucha kwa sababu ya bao moja au wimbo mmoja. Na yule aliyekaa ana faraja nyingine: grafiti haififii kwa mwanga. Ikiwekwa nyuma ya kioo isisuguliwe, kinachozeeka ni karatasi. Mistari hubaki kama ilivyoachwa na mkono.