Uteuzi wa Mfumo wa Ukaguzi wa Msimbo katika Programu Huria: Mfano wa LLVM

Katika miradi ya programu huria, ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha, badiliko aghalabu haliingizwi katika msimbo mkuu kabla ya kusomwa na mtu asiye mwandishi wake. Usomaji huo ndio ukaguzi wa msimbo. Mfumo unaouendesha huchukuliwa na wengi kuwa chombo tu, mithili ya kalamu. Rai hiyo haitoshi, kwani mfumo ndio unaoamua kipashio kinachohukumiwa, na pia mahali yanapohifadhiwa mazungumzo ya wakaguzi.

Kuhusu kipashio, tofauti zilizopo zinakumbusha mjadala wa wanaisimu juu ya sentensi na matini. Katika kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, mabadiliko hutumwa kwa barua-pepe yakiwa mfululizo wa viraka (istilahi inayofaa sana, kwani kiraka cha nguo nacho hushonwa palipotoboka), na kila kiraka husomwa peke yake. Gerrit, mfumo uliotokana na kazi ya Android huko Google, hufuata mantiki iyo hiyo: badiliko moja hurekebishwa tena na tena hadi likubaliwe, na kila toleo lake huhifadhiwa. GitHub, kwa upande wake, hupima tawi zima. Mkaguzi hupewa matini, si sentensi.

LLVM ni mradi ulioanza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, nao hutoa vifaa vya kuundia kompaila, yaani programu zinazofasiri lugha za waandishi wa programu kuwa lugha ya mashine. Kwa miaka mingi ulitumia Phabricator, mfumo uliozaliwa Facebook na uliorahisisha ukaguzi wa mabadiliko yanayotegemeana. Tarehe 1 Juni 2021 kampuni ya Phacility, iliyoutunza mfumo huo, ilisitisha kazi hiyo. Wengine waliuendeleza kwa jina la Phorge, lakini LLVM, ambao msimbo wake ulikuwa GitHub tangu 2019, ulihamishia huko ukaguzi nao Septemba 2023. Faida yake ni dhahiri: mchangiaji mgeni hahitaji kujifunza mfumo wa pekee. Hasara iliangukia wenye mabadiliko mfululizo, ikabidi waruhusiwe kufungua matawi yao ndani ya ghala kuu lenyewe.

Suala zito zaidi lilikuwa kumbukumbu. Maelezo ya mabadiliko mengi ya LLVM yalitaja namba ya ukaguzi iliyoanza kwa herufi D. Namba hiyo ni rejeo kama marejeo ya kitaaluma: ukurasa ukitoweka, msimbo hubaki, lakini sababu ya kuandikwa hivyo hupotea. Kwa hiyo kurasa za zamani zilihifadhiwa kwa kusomwa tu. Barua-pepe za Linux, pamoja na ugumu wake kwa wageni, hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho, maana nakala zake zimo mikononi mwa wengi. Mazungumzo mapya ya LLVM sasa yamo katika mfumo ulionunuliwa na Microsoft mwaka 2018, ilhali historia ya msimbo wenyewe kila mchangiaji anaweza kuwa nayo yote katika kompyuta yake.