Programu ya kutunza nakala: Pima maelekezo kabla ya bei

MNUNUZI wa programu ya kutunza nakala za akiba za hesabu za biashara kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei yake na kasi yake. Sasa limeongezeka swali la tatu, nalo lina uzito kuliko hayo mawili: je, wakala wa akili bandia akisoma maelekezo yake, atafanya kazi ipasavyo?

Wakala huyo ni programu inayopokea kazi kwa maneno ya kawaida, kisha yenyewe husoma maelekezo, hutoa amri na kuamua hatua inayofuata. Mhasibu akikuta maelekezo yenye utata humpigia fundi simu. Wakala mara nyingi hubahatisha, tena kwa haraka.

Hasara yake imekwisha kuonekana. Julai 2025, wakala katika huduma ya Replit ya Marekani alifuta hifadhi ya data ya mteja iliyokuwa ikitumika, ingawa alikatazwa kubadili chochote. Alipoulizwa alisema data hizo haziwezi kurudishwa. Mteja alipojaribu mwenyewe, zilirudi. Njia ya kurudisha ilikuwepo. Kilichokosekana ni taarifa sahihi juu yake.

Ili kuona namna ya kupima, tuchukue restic, programu ya nakala inayotolewa bure. Gharama kwa mfanyabiashara ni mahali pa kuhifadhia na muda wa fundi.

Kwanza, angalia kama programu hutoa majibu yanayosomeka na mashine. Restic ina chaguo la --json, na maelekezo yake yana sura inayoeleza majibu hayo. Hapo inapata alama nzuri.

Pili, angalia namba za matokeo. Kila amri ikimalizika huacha namba. Kwa restic, 0 ni kufanikiwa na 1 ni kushindwa. Namba 3 ndiyo ya kuangaliwa: nakala imetengenezwa, lakini baadhi ya mafaili hayakusomeka. Wakala asiyejua maana yake anaweza kuripoti kuwa nakala ipo, kumbe daftari la wadaiwa halimo. Namba 10 ni kukosekana kwa ghala la nakala, na 12 ni neno la siri lisilo sahihi. Hizi mbili zilianza na matoleo ya 0.17, mwaka 2024. Mwenye toleo la zamani anayempa wakala maelekezo mapya atapotoshwa. Maelekezo na toleo lazima vilingane.

Tatu, angalia amri za hatari. Restic ina forget inayoondoa nakala kwenye orodha, na prune inayofuta kabisa data ambazo hazina tena nakala inayozihitaji. Chaguo la --dry-run huonyesha kitakachotokea bila kufuta kitu. Maelekezo mazuri hutaja hatari na kinga yake mahali pamoja. Vilevile yanaonya wazi kwamba neno la siri likipotea, data zote zimepotea.

Nne, angalia ukaguzi. Amri ya check peke yake hukagua mpangilio wa ghala. Ili isome data zote lazima iongezewe --read-data. Tofauti hiyo ni sawa na kuhesabu magunia kwa nje na kuyafungua kuona kilichomo.

Baada ya kusoma, fanya jaribio. Mpe wakala maelekezo tu na folda ndogo isiyo na thamani. Weka faili moja lisilosomeka. Mpe neno la siri lisilo sahihi mara moja. Kisha mwambie arudishe nakala mahali pengine na kulinganisha. Andika kila mahali alipobahatisha: hapo ndipo maelekezo yana pengo. Hata akifaulu, ruhusa ya kufuta ibaki mikononi mwa mwenye mali.

Mwekezaji mdogo naye asidhani haya ni ya mafundi. Tarehe 31 Januari 2017, mtumishi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhi kuu ya data. Ikagundulika kuwa nakala za kila siku hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu matoleo ya programu hayakulingana, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa. Kampuni iliokolewa na nakala nyingine, lakini data za muda wa saa 6 hivi zilipotea.

Kwa hiyo, mwenye hisa anapokutana na wakurugenzi asiridhike na jibu kwamba nakala zipo. Aulize zilirudishwa lini kwa majaribio, nani aliyerudisha, na kwa maelekezo yapi. Kampuni isiyo na tarehe ya kutaja haijui kama ina akiba.