Motokaa Isiwe Mbuzi wa Kwenye Gunia

Katika nchi za Afrika ya Mashariki, hapana kitu kinachomeza fedha za mtumishi wa umma kwa mara moja, ukiondoa nyumba, kama motokaa. Askari anayerejea kutoka katika kikosi cha kulinda amani, au polisi anayestaafu na kupokea kiinua mgongo chake, huwa na fedha ambazo hajapata kuzishika maishani na pengine hatazishika tena. Kabla ya juma kwisha, madalali hubisha hodi. Baadhi ya askari hununua vizuri, na gari huwasaidia kusomesha watoto. Wengine hugundua baada ya miezi michache kwamba waliuziwa mbuzi kwenye gunia, na kiinua mgongo kimekwisha. Yanayotendeka katika nchi jirani yanaeleza vizuri jinsi balaa hilo linavyoweza kuepukwa.

Jambo la kwanza la kutilia maanani ni kwamba bei inayotajwa na mwuzaji wa ng'ambo si bei ya gari. Tangu Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipoanza mwaka 2005, magari madogo ya abiria yaliwekwa katika kundi la bidhaa zinazotozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru huo hukadiriwa juu ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Kodi ya ongezeko la thamani nayo haihesabiwi juu ya thamani ya kwanza, bali juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Tuseme gari limefika bandarini kwa thamani ya shilingi 10,000,000. Ushuru wa asilimia 25 unalifikisha shilingi 12,500,000. Kodi ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni shilingi 2,250,000, na gari sasa ni shilingi 14,750,000. Hapo bado gharama za bandari, malipo ya wakala wa forodha, usajili, na ushuru mwingine ambao kila nchi hujiwekea. Mnunuzi aliyeweka akiba ya shilingi 10,000,000 peke yake ataliona gari lake kupitia uzio wa bandari, huku gharama za kulihifadhi zikipanda siku hata siku.

Wako wanaodhani kwamba wakibishana sana na mwuzaji wa Japani na kupunguziwa bei, na kodi nayo itapungua. Nchini Kenya mamlaka ya mapato hutumia orodha yake ya bei za magari, kisha hupunguza thamani kwa kadiri ya umri wa gari. Risiti yenye bei ndogo haibadilishi orodha hiyo. Kwa hiyo faida kubwa ya mnunuzi haitoki katika mabishano peke yake, bali katika kuchagua aina ya gari, mwaka wake na ukubwa wa injini, na kujua kodi ya kila moja kabla ya kutuma hata senti moja.

Jambo la pili ni umri. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na hesabu hufuata mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa kwanza mwaka 2017 halikuruhusiwa kuingia. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Hapa Tanzania gari kuukuu halikukatazwa, lakini hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Ndiyo maana gari la zamani linalotangazwa kwa bei ya kutupa linaweza kumgharimu mnunuzi sawa na lile jipya zaidi, na vipuri vyake vikaanza kudaiwa mwaka huo huo.

Jambo la tatu ni usukani. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto mwa barabara. Rwanda na Burundi huendesha kulia, na Rwanda ilikataza mwaka 2005 kuingiza magari yenye usukani wa kulia. Askari aliye katika kituo cha mpakani huweza kuonyeshwa gari zuri lililotoka upande wa pili, akasahau kuuliza kama sheria za nchi yake zitalikubali, na kama siku atakapotaka kuliuza atapata mtu wa kulinunua.

Hapo ndipo penye mtego ulio mkubwa kuliko yote. Kila siku magari hushushwa Dar es Salaam na Mombasa yakiwa njiani kwenda Uganda, Rwanda, Zambia au Kongo. Magari hayo hayajalipiwa ushuru katika nchi yanamopita, nayo yamo chini ya ulinzi wa forodha mpaka yavuke mpaka. Mtu akimnong'oneza askari kwamba liko moja linalouzwa kwa nusu ya bei bila kuvuka, anachomwuzia si gari bali ni kesi. Sheria ya forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inawapa maofisa uwezo wa kulikamata gari hilo. Raia hupoteza fedha zake na kushtakiwa. Askari hupoteza fedha, hushtakiwa, na juu ya hayo huitia doa sare ambayo kazi yake ni kuzuia magendo. Utumishi wa miaka 20 waweza kuangamia kwa ajili ya gari moja.

Kwa wale wanaopendelea gari jipya kabisa, nchi jirani zina viwanda vya kuunganisha magari. Kenya inavyo Nairobi, Thika na Mombasa, na Rwanda ilifungua kiwanda cha Volkswagen mjini Kigali mwaka 2018. Anayenunua gari jipya inampasa aulize bei kwa wauzaji wawili au watatu, aipate kwa maandishi, na ajue ndani yake mna nini: usajili, bima, matengenezo ya mwanzo, na dhamana ya muda gani. Mwuzaji asiyekubali kushusha bei mara nyingi hukubali kuongeza matairi au huduma, na hiyo pia ni fedha.

Mkopo nao unahitaji hesabu. Gari la shilingi 15,000,000 taslimu, likilipiwa shilingi 450,000 kila mwezi kwa miezi 48, humfanya mnunuzi alipe shilingi 21,600,000. Makato ya mwezi yaweza kuonekana madogo, lakini tofauti hiyo ya shilingi 6,600,000 ingeweza kuezeka nyumba.

Hatimaye, gari lililokwisha kutumika likaguliwe na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, si na mwuzaji. Katika minada ya Japani kila gari huwa na karatasi ya ukaguzi inayoonyesha hali yake na kama liliwahi kupata ajali; mnunuzi anayo haki ya kuidai. Geji ya kilomita huweza kurudishwa nyuma, lakini usukani uliochakaa na kanyagio zilizolika hueleza ukweli. Namba ya chesisi ilinganishwe na kadi ya gari, jina lililomo katika kadi lilinganishwe na la mwuzaji, na mamlaka ya mapato iulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Malipo yapite benki, na uhamisho wa jina ufanywe siku hiyo hiyo.

Askari hafundishwi kuingia porini kabla ya kutuma wapelelezi. Soko la magari nalo ni pori, na wanaomsubiri huko wanajua vizuri ni lini kiinua mgongo kimelipwa. Apeleleze kwanza, ahesabu, ndipo alipe.