Mtumbwi wa Simba utasema lugha gani?

Tangu Agosti 2024 wapenzi wa bustani za michezo wamekuwa wakihesabu siku. Mwezi huo, katika mkutano wa mashabiki wa kampuni ya Disney uliofanyika Anaheim, California, ilitangazwa kwamba Disneyland Paris itajengewa eneo zima la filamu ya The Lion King. Kiini cha eneo hilo ni mchezo wa majini wa familia: abiria wataketi ndani ya chombo cha mfano wa gogo, wapitishwe mbele ya masimulizi ya Simba na baba yake, kisha waporomoke pamoja na maji. Nami, mwalimu wa isimu ambaye umri wake haumruhusu tena kupiga mayowe hadharani, nimo miongoni mwa wanaongoja. Ila sababu yangu ni tofauti kidogo na ya watoto.

Kwanza tuafikiane juu ya jina. Magari yale yapandayo vilima vya chuma na kuteremka kwa kasi ya kuduwaza, Waingereza huyaita rola kosta, nasi tumelichukua jina hilo jinsi lilivyo kwa kuwa kitu chenyewe hatukuwa nacho. Watoto wa Mombasa waliozoea sherehe za Idi katika uwanja wa Makadara huita kila chombo cha kurushwa na kuzungushwa 'pembea', na mimi sioni ubaya wowote wa neno hilo kupanuliwa maana. Lakini chombo cha Paris si rola kosta halisi, bali ni binamu yake. Vyote viwili huendeshwa na uzito wao wenyewe: mnyororo au mkanda wa mtambo huvipandisha hadi kileleni, na kuanzia hapo mvutano wa ardhi hufanya kazi iliyobaki. Tofauti ni kwamba kimoja hushika reli, na cha pili hufuata mfereji wa maji yanayosukumwa kwa pampu. Kiingereza hulazimika kuunganisha neno la gogo na neno la mfereji ili kuutaja mchezo huu. Sisi tunalo neno moja la chombo hicho tangu enzi za mababu. Gogo lililochongwa likawa chombo ni mtumbwi, na mtu yeyote wa Lamu au wa ufuoni mwa Ziwa Viktoria anajua hivyo bila ya kufundishwa na profesa.

Neno 'familia' nalo lina maana mahususi katika biashara hii. Ni mchezo ambao bibi na mjukuu wanaweza kuketi kiti kimoja na wote wawili wakatoka wakicheka. Kipimo chake ni fimbo iliyosimamishwa mlangoni. Big Thunder Mountain, treni ya machimbo iliyofunguliwa pamoja na bustani ya Paris Aprili 1992, humpokea mtoto aliyefikia sentimita 102. Treni ya Vijeba Saba kule Florida huridhika na 97. Michezo mikali zaidi hudai 120, hata 140, na hapo ndipo familia inapogawanyika: wakubwa wakaenda kupanda, mdogo akabaki akilia mikononi mwa shangazi.

Basi, kampuni hizi huuza kungoja kabla ya kuuza tiketi. Treni hiyo ya Vijeba Saba ilitangazwa Januari 2011 na kufunguliwa Mei 2014. Kwa zaidi ya miaka mitatu watu walilishwa michoro, vielelezo vidogo vya mbao na plastiki, na picha za mlima ukiinuka nyuma ya uzio. Kisha siku yenyewe ilipofika, wakasimama foleni kwa saa nyingi ili wapande kitu kisichozidi dakika tatu. Pale Paris, Crush's Coaster ya 2007 imejulikana kwa foleni yake karibu sawa na inavyojulikana kwa mizunguko yake. Wabunifu wanalifahamu hilo, na ndiyo maana foleni za siku hizi hupambwa kama jukwaa la tamthilia: taa, sauti, barua zilizosahauliwa mezani, mabango, milango isiyofunguka. Kiswahili kina neno tamu la hali hiyo ya mtu aliye kwenye mstari kama huo. Si hamu tu wala shauku tu. Ni mshawasha, kile kinachomzuia mtoto kulala usiku wa kuamkia safari.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Mtoto mwenye mshawasha hunasa kila kinachosemwa karibu naye. Kule Florida, garimoshi la reli moja lipelekalo wageni Disney World hutoa onyo kwa Kihispania kwamba abiria wakae mbali na milango. Sentensi hiyo imekaririwa na watu wasiojua neno jingine lolote la Kihispania, hata ikachapwa kwenye fulana. Hakuna mwalimu wa lugha niliyepata kumwona, na mimi nikiwemo, aliyewahi kupata mafanikio ya namna hiyo kwa sentensi moja. Foleni ya mtumbwi wa Simba itakuwa darasa kubwa la Kiswahili kuliko chumba chochote ninachofundishia. Swali ni somo gani litakalotolewa humo.

Sisemi hivi kwa dhana. Filamu yenyewe ilitoka 1994, baada ya watayarishaji wake kuzuru mbuga ya Hell's Gate hapa kwetu mwaka 1991, na tangu siku hiyo imekuwa ikifundisha. Imefundisha vema mahali pengine na vibaya mahali pengine. Simba ni simba, ingawa mtu wa Naivasha atashangaa kidogo kusikia kwamba simba ameitwa Simba, kana kwamba mtoto wa mtu angeitwa Mtu. Rafiki ni rafiki. Pumbaa, yule ngiri, amepewa kitenzi kizima cha kupumbaa, tena kwa irabu zake zote mbili, nawapongeza. Sarabi, mama yake Simba, ana jina la mazigazi ya jangwani. Lakini vitabu vya majina ya watoto huko ng'ambo vimejaa madai kwamba Mufasa ni 'mfalme' kwa Kiswahili na Nala ni 'zawadi'. Mfalme wetu ni mfalme, na zawadi yetu ni zawadi, au tunu, au hidaya kwa apendaye kunyanyua lugha. Mufasa na Nala hawamo katika kamusi zetu. Wazazi wa Ohio wamewapa binti zao jina hilo wakiamini wamekopa kwetu, na mkopo huo hatuna kumbukumbu yake.

Kuhusu irabu, nisamehewe kuikumbuka bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida Aprili 1998. Humo mna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki wenye mabango ya Kiswahili, nao umeitwa Harambe. Kenya nzima imeandika harambee kwa 'e' mbili kwenye ngao ya taifa, na ile ya pili haikuwekwa kwa urembo. Irabu moja ikianguka katika neno la Kiswahili, mkazo unahama na neno linakuwa la mtu mwingine. Ni kosa dogo, lakini limesimama pale mbele ya macho ya mamilioni ya wageni, na wengi wao hawatapata kuona neno hilo kwingineko.

Linalonikera zaidi ni Shenzi. Ndilo jina la fisi jike wa filamu ile, na hapana shaka litauzwa kwenye kofia na vikombe. Neno hili si la mzaha. Watu wa pwani walilitumia kumdharau mtu wa bara, na walowezi walipokuja wakalichukua wakawatupia Waafrika wote, kisha wakaliongezea mbwa wasio na nasaba. Wazee wetu wengine waliitwa hivyo mashambani mwa watu huku wakilipwa ujira wa kufanya mtu acheke asilie. Mtoto wa Kifaransa atakayeliita kwa furaha akishuka kwenye mtumbwi hana hatia yoyote. Aliyeliweka pale angepaswa kuuliza.

Wala si jambo geni kwa kampuni hiyo kuuliza ikiwa imechelewa. Splash Mountain, mchezo wa gogo na maji ulioanza California mwaka 1989 na ambao ni mfano wa moja kwa moja wa huu wa Paris, ulitumia hadithi za filamu ya 1946 iliyolaumiwa kwa miaka mingi kwa namna ilivyowachora watu weusi wa Marekani ya kusini. Mwishowe ulifungwa, ukavalishwa hadithi mpya ya binti mfalme Tiana, na kufunguliwa tena 2024 katika Florida na California. Mfereji ni ule ule, poromoko ni lile lile. Kilichong'olewa ni masimulizi. Gharama ya kung'oa ni kubwa kuliko ya kuuliza mapema.

Kuna wasomaji watakaonikumbusha habari ya 'hakuna matata'. Naam, Disney iliomba kusajili maneno hayo kama alama ya biashara ya mavazi huko Marekani mwaka 1994, ikakubaliwa 2003, na mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja wakatia saini malalamiko. Hasira yao naielewa, maana bendi yetu ya Them Mushrooms ilikuwa imekwisha kuyaimba maneno hayo mwaka 1982, nayo hayakuwa mali yao pia. Hata hivyo alama ya biashara haimzuii mtu kutamka. Humzuia mshindani kuuza fulana kwa jina hilo katika nchi ya usajili. Lugha haiibiwi kwa njia hiyo. Lugha hudhurika pale wenyewe wanaponyamaza na kuacha wengine waamue maana ya maneno yao, na kwa hilo mahakama haina dawa. Isitoshe, Mkenya wa kawaida husema 'hakuna shida' au 'hakuna neno'. 'Matata' ameachiwa mtalii, na Mkongo ambaye hulitumia kila siku bila ya kuulizwa na mtu.

Wafaransa, kwa upande wao, hawanyamazi. Bustani hiyo ilipofunguliwa 1992, mwongozaji tamthilia Ariane Mnouchkine aliifananisha na Chernobyl ya utamaduni. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa filamu, bunge lao lilipitisha sheria ya waziri Toubon inayodai Kifaransa katika matangazo na ilani zinazowekwa mbele ya umma. Kwa hiyo kwenye foleni ya Simba, ilani za Kifaransa zitakuwapo kwa nguvu ya sheria, Kiingereza kitakuwapo kwa nguvu ya pesa, na Kiswahili kitapakwa rangi ukutani kama michirizi ya pundamilia. Isipokuwa mtu aseme.

Nani aseme? UNESCO, ambayo makao yake makuu yako Paris hiyo hiyo, iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani kwa azimio la Novemba 2021. Kenya na Tanzania zina balozi mjini humo. Wapo Wakongo wa Kivu na Lubumbashi waishio Ufaransa ambao Kiswahili ni lugha ya nyumbani mwao. Barua moja yenye heshima, iliyoambatishwa orodha fupi ya maneno na tahajia zake, haigharimu zaidi ya stempu. Sidai posho. Sidai hata tiketi, ingawa nikipewa sitaikataa.

Na tusiombe kubwa. Tuombe onyo la usalama pale abiria wanapoingia chomboni lisomwe pia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyelelewa nacho. Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu zoezi la kuliandika: lisizidi maneno kumi, mtoto wa miaka mitano alielewe, mzee asione ametukanwa. Wengi walianza na 'Ketini'. Msichana mmoja wa Kwale akapendekeza 'Wadogo mbele, wakubwa nyuma, shikeni imara', na darasa likampigia makofi, kisha wakagawanyika juu ya neno la mwisho. Watu wa bara wanataka 'jishikilieni'. Watu wa pwani wanasema mtu hajishikilii mwenyewe, hushika chombo. Saa ya somo iliisha kabla hatujapata suluhu, na wameniahidi kurudi nalo Jumatatu.